Muziki kutwa bila ada ya mwezi: nimelinganisha redio, memori kadi, programu za bure na kaseti za mjomba

Nikifungua fremu saa tatu asubuhi, cha kwanza kuwasha ni sabufa, cherehani inafuata. Huku Ngamiani, Tanga, kila mlango una sauti yake. Jirani wa kushoto anauza vitenge na ni mtu wa kaswida. Wa kulia anatengeneza simu, na singeli yake inatetemesha vioo vya kabati mpaka namwita, "Mgosi, punguza, mteja hanisikii!" Mimi nipo katikati na magauni yangu na kanzu zangu, na nisipokuwa na muziki wangu nitashona kwa mdundo wa watu. Unalia hadi saa kumi na mbili jioni: saa tisa kwa siku, siku sita kwa wiki.

Hizo saa tisa zishike, maana ndizo zinazoamua mengi hapa chini. Anayesikiliza nyimbo tano kwenye daladala ya Kange na mimi hatuwezi kuandikiwa dawa moja.

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo Dar, alikuja likizo akanikuta na redio. "Shangazi, bado tu uko huku?" Akachukua simu yangu, akanifungulia akaunti ya huduma moja ya kulipia, mwezi wa kwanza ni wa majaribio, hukatwi kitu. Jumatatu nilijiona malkia. Nikitaja bendi, hiyo hapo. Nikimtaka Bi Shakila wa taarab, yupo. Jumanne kabla ya adhuhuri bando langu la wiki likakata, bando ambalo kwa WhatsApp na picha za mishono hunifikisha Jumapili na chenji juu. Ada ya ile huduma ilikuwa bado haijafika. Kilichonitoa mbio ni bando.

Tangu hapo nimejaribu njia nyingine moja moja, na kila moja naiuliza swali lilelile: wimbo ukilia mara mia, bando nimelipia mara ngapi? Kuna zinazojibu sifuri, kuna zinazojibu mara moja, na kuna zinazojibu mara mia.

Hesabu ya MB, mara moja tu

Sauti ya mtandaoni hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Chukua namba hiyo, zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa. Kilobiti 24, ambao ndio ubora wa chini kabisa unaoweza kuuchagua kwenye Spotify, ni kama MB 11 kwa saa. Kilobiti 96 ni MB 43. Kilobiti 160 ni MB 72. Kilobiti 320, wanazozitaka watu wa hedfoni za bei mbaya, ni MB 144.

Kwa saa zangu tisa, 96 ni karibu MB 390 kwa siku, na 160 ni karibu MB 650. Mwezi wa siku 26 za kazi, hiyo ya 160 inakaribia GB 17. Weka hapo bei ya bando la mtandao wako uone. Neno "bure" kwenye programu nyingi maana yake ni kwamba wao hawakudai. Aliyekuuzia MB ameshachukua chake.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua chochote, ingia kwenye mipangilio ya programu yako, tafuta ubora wa sauti, ushushe. Kwenye spika ya simu au sabufa ya plastiki kama yangu, na bajaji zinapita mlangoni, tofauti ya 96 na 160 huisikii. Ya 24 utaisikia: matoazi yanakuwa kama mchanga kwenye sufuria. Mawaidha na simulizi zinavumilika kwa 24, muziki hapana.

Redio na kadi: za sifuri

Hizi mbili ndizo washindani wakubwa kwa mtu anayekaa mahali pamoja kutwa, na wala siyo programu za simu. Vijana hawapendi kusikia hivyo.

Redio haina ada, haina bando, na umeme ukikatika inaendelea kwa betri mbili kubwa. Yangu ni kuukuu, antena imeungwa kwa waya wa shaba, na bado inadaka TBC Taifa, inadaka Mwambao FM ya hapahapa Tanga, na nikiwa nyumbani nikazungusha taratibu usiku naokota hata stesheni za ng'ambo ya maji. Jumapili ukikutana na kipindi cha zilipendwa unapata nyimbo ambazo hujui hata pa kuanzia kuzitafuta kwenye simu. Radio Tanzania Dar es Salaam, mama wa TBC ya leo, ndiyo iliyokuwa studio ya bendi nyingi za nchi hii kwa miongo, kwa sababu viwanda vya kuchapa santuri vilikuwa Nairobi, siyo kwetu. Nyimbo nyingi za wakati ule zilirekodiwa pale na hazikuwahi kuwa santuri.

Ubaya wake unaujua. Redio inakuchagulia. Unasubiri taarab, unapewa saa nzima ya ubishi wa Simba na Yanga na tangazo la kubeti kila dakika sita. Nilikuwa nakata pindo la gauni la harusi siku ya mechi. Mtangazaji akapiga ukelele wa goli, mkasi ukaenda. Gauni lilipona kwa lesi niliyoongeza, na mwenyewe hadi leo anaisifia ile lesi.

Ukitaka redio kwenye simu, angalia mtego huu. FM ya kweli ya simu mara nyingi inataka hedfoni za waya zichomekwe, maana waya ndio antena, na haitumii bando hata chembe. Vitochi vingi vinayo. Simu za tachi baadhi hazina tena, na badala yake mtu anapakua programu ya "redio zote" inayovuta matangazo kupitia intaneti. Hiyo ni redio kwa jina. Kwa bando ni sawasawa na kustrimu.

Sasa kadi. Wimbo wa dakika nne wa MP3 kwa kilobiti 128 unakaa MB 4 hivi, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba nyimbo elfu nane hivi. Utasikiliza wiki nyingi bila kurudia. Unachagua mwenyewe, unarudia unavyotaka, hakuna tangazo. Kwa kushona mchana, baada ya adhuhuri, sijaona cha kuishinda.

Lakini kadi ina mambo yake, na mimi nimeyajifunza kwa pesa yangu. Nilinunua mtaani kadi iliyoandikwa GB 128 kwa bei ya sahani mbili za chipsi. Nikapeleka kibandani, nikajaziwa nyimbo karibu elfu sita. Nyumbani za mwanzo zinalia vizuri. Nikifika kwenye folda ya pili, jina linasoma Jamhuri Jazz, kinachotoka ni ukimya. Inayofuata, jina la taarab, ndani anaimba mtu mwingine kabisa kuanzia katikati. Nikamlaumu aliyenijazia, tukagombana. Fundi simu wangu wa kulia ndiye aliyeichukua, akaitia kwenye kompyuta, akaiendeshea H2testw, programu ya bure ya kupima kadi: inaijaza kadi yote halafu inasoma tena kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kadi ilikuwa na GB 8 za kweli. Nyingine zote ni uongo uliopikwa ili simu isome 128, na kila kilichozidi kinaharibika au kinakanyaga kilichotangulia. Nilirudi kumwomba radhi yule kijana na kashata za mia tano.

Jambo la pili: sabufa nyingi za kawaida husoma kadi na flashi za mpangilio wa FAT32 tu. Kadi za zaidi ya GB 32 hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa exFAT, na sabufa inakuonyesha sifuri kana kwamba hujachomeka kitu. Nunua ya 32 au 16, iliyo halisi, ujiepushie safari.

Nyimbo za kutia kwenye kadi zinatoka wapi? Hapo ndipo pana ugomvi. Wengi wetu tunaenda kibandani, unamkabidhi kijana flashi, unasema "nitie za zamani na za kuolea," unaenda sokoni Mgandini, ukirudi imejaa. Sitajifanya walii, nusu ya kadi yangu ya kwanza ilitoka huko. Ila mwimbaji hapati senti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ile ambayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, inaisimamia, haina lugha ya mzaha kwa biashara hiyo. Ukiliacha hilo, mali yenyewe ni mbovu: nyimbo zimegeuzwa na kugeuzwa mpaka zimechakaa, majina ni "Track 07", katikati ya wimbo anapiga kelele DJ usiyemjua, na flashi inarudi na kirusi kinachogeuza folda zote kuwa vishale vya njia ya mkato. Picha za arusi ya dada yangu zilipotea hivyo.

Tovuti za kupakua MP3 ambazo hazijulikani zinamlipa nani ni hadithi ileile kwa sura nyingine. Ukurasa una vitufe vinne vimeandikwa PAKUA, kimoja ndicho cha kweli, na siyo kile kikubwa cha kijani.

Niongeze la sheria linalonigusa mimi kuliko wewe unayesikiliza chumbani. Akaunti za huduma za muziki mtandaoni, za kulipia na za bure, masharti yake ni ya matumizi binafsi. Muziki unaopigiwa wateja dukani, saluni au mgahawani ni onyesho la hadhara kisheria na unahitaji leseni yake. Kwa hiyo mwenye baa akikuambia "mimi nimelipia mwezi mzima, niko safi," amelipia masikio yake tu.

Programu za bure: Mdundo, Audiomack, Boomplay na Spotify

Hapa ndipo mtoto wa kaka yangu alipokuwa na hoja. Zipo halali, na zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani.

Mdundo ilianzia Nairobi 2012, na mwaka 2020 hisa zake ziliingia kwenye soko la Nasdaq First North la Denmark. Kwangu ndiyo inayojibu swali la bando vizuri kuliko zote, kwa sababu ukipakua unapata faili la MP3 la kweli. Linakaa kwenye simu, linahamia kwenye kadi, kadi inaingia kwenye sabufa, basi. Wanachokulipisha ni tangazo fupi la sauti lililobandikwa mwanzoni mwa wimbo, na hilo halitoki. Litakuwa nawe hadi kadi ife. Kwenye kushona halinikeri. Kwenye sherehe linatia aibu: bi harusi anaingia, watu wamesimama na simu zao juu, na spika inatangaza kitu cha madukani. Pakua miksi za MaDJ badala ya wimbo mmoja mmoja. Miksi ya saa nzima ina matangazo machache kwa uwiano, na cherehani haihitaji zaidi. Udhaifu wake ni muziki wa nje ya Afrika na wa zamani sana.

Audiomack, ya Marekani tangu 2012, ina sifa moja ambayo wengine wanaiuza: toleo la bure linakuruhusu kuhifadhi nyimbo nyingi na kusikiliza bila mtandao. Baadhi ya nyimbo zimewekewa kikomo, nyingine ni za wanaolipa tu, lakini bongofleva, amapiano na rap ya vijana wetu wengi wanaweka wenyewe humo. Inalia hata ukizima kioo. Ninayoyahifadhi lakini yanakaa ndani ya programu. Huwezi kuyatoa kwenda kwenye kadi. Kama sabufa yako ina bluetooth, au una waya wa kuchomeka kutoka tundu la hedfoni, haina tatizo. Kama haina, Mdundo.

Kati ya hizi mbili, kijana wa kufukuzia nyimbo mpya, mwenye simu na hedfoni, aende Audiomack. Mwenye kigenge, saluni, bodaboda iliyofungwa kispika cha kadi, aende Mdundo. Sijaona sababu ya kubishana zaidi ya hapo.

Boomplay utaikuta imeshakaa kwenye simu yako ikiwa ni Tecno, Infinix au itel, kwa sababu ni mtoto wa ndoa: Transsion, wenye simu hizo, na NetEase ya China. Ilianza Nigeria 2015. Hazina yake ya muziki wa Afrika Mashariki ni kubwa, kubwa kuliko Mdundo kwa majina makubwa, na bure unastrimu na matangazo. Ila kupakua ni kwa wanaolipa, na ulichopakua hakifunguki nje ya Boomplay wala baada ya kifurushi kwisha. Jambo ninaloliheshimu ni kwamba wanauza vifurushi vidogo, hata vya siku na wiki. Kama unasafiri na basi kwenda Dar na unataka muziki wa safari hiyo moja, lipia siku hiyo, pakua kwa Wi-Fi ya mtu, nenda. Ni kulipia, sawa, lakini siyo pingu ya kila mwezi.

Spotify, ya Uswidi, ilifika Tanzania Februari 2021. Toleo la bure lina kila kitu duniani isipokuwa ruhusa ya kupakua nyimbo. Kwa hiyo ni ya mara mia: kila ukibonyeza, bando linakwenda. Masharti yake ya bure, nani anaweza kuchagua wimbo gani na kuruka mara ngapi, yamebadilishwa mara kadhaa, basi usijenge nyumba juu yake. Mimi naitumia kwa jambo moja: kutafuta. Mteja ananiimbia kipande cha wimbo wa ujana wake, naandika maneno mawili, napata jina la wimbo na la bendi, nafunga. Dakika tatu. Kisha naenda kuutafuta mahali pengine.

YouTube siitii kwenye mashindano. Ina kila kitu, hata video za arusi za Makorora za miaka ya tisini, lakini unalipia picha ambayo huiangalii. Video ya 480p inaweza kula nusu GB kwa saa, na toleo la bure linanyamaza ukizima kioo, kwa hiyo na betri nayo inakwenda. Itumie kama kabati la kumbukumbu. Ukilazimika, shusha picha hadi 144p.

Na za bure zenye leseni huru, kama Free Music Archive na Jamendo? Ni halali, unapakua MP3 safi isiyo na tangazo. Za kwetu humo ni za kutafuta kwa tochi. Zinafaa anayetengeneza video na anataka mdundo wa nyuma, mradi asome leseni ya wimbo kwanza.

Kununua mara moja

Watu wakisikia "kununua muziki" wanacheka, lakini piga hesabu: ada ya miezi michache ya huduma yoyote ni bei ya albamu ambayo ni yako mpaka kufa. Bandcamp ndiyo njia niliyoizoea. Unalipa, unapakua MP3 au faili lisilopunguzwa ubora, na likipotea unaingia unapakua tena. Sehemu kubwa ya pesa inamfikia mwenye kazi. Kikwazo chetu ni malipo: wanataka kadi ya benki au PayPal, hawajui namba ya simu yako. Kadi ya mtandaoni unayoifungua ndani ya akaunti ya pesa za simu hufanya kazi. Weka kiasi cha manunuzi hayo tu, usiache salio ndani. Hilo la salio nalisema kwa machungu. Ile akaunti ya majaribio niliyofunguliwa, nilidhani nimeifuta. Nilifuta programu kwenye simu tu, usajili ukabaki hai, na mwezi wa pili likakatwa salio lililokuwemo kwenye kadi. Kufuta programu na kufuta usajili ni vitu viwili.

Cha kuchekesha, singeli ya uswahilini Dar utaikuta Bandcamp ikiuzwa na Nyege Nyege Tapes, ambao makao yao ni Kampala. Jirani yangu wa kulia nilipomwonyesha alikataa kabisa kwamba kuna Mzungu analipia ile kelele.

Usisahau njia fupi kuliko zote. Vikundi vya kaswida na kwaya huuza kazi zao wenyewe kwenye flashi, mkononi, kwenye maulidi au baada ya ibada. Unalipa, unapewa, mwimbaji umemwona kwa macho.

Ukitaka muziki wa Tanga wenyewe

Hapa ulinganisho wote unapinduka, na ndipo mimi ninapokaa.

Mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kwenye taarab ulikuwa na Black Star na Lucky Star. Hao wawili wa mwisho ndio waliochukua taarab ya makundi makubwa ya fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) wakaipunguza, wakatia gitaa la umeme na besi, na pwani nzima hadi Burundi ikafuata. Sauti ya Bi Shakila Saidi, aliyefariki 2016, ilikulia humo. Kwenye programu za bure utawapata kidogo kidogo, kwa majina yaliyoandikwa ovyo: jaribu "Jamhuri" na "Jamuhuri", jaribu "Shakila" peke yake, jaribu "musical club" bila jina. Mdundo na Audiomack hapa zinakuangusha. Zimejengwa kwa ajili ya wasanii walio hai na wanaopakia wenyewe. Spotify na YouTube zinashinda, jambo ambalo sikulitarajia. Sababu ni kwamba waliohifadhi ni kampuni za nje: GlobeStyle ya London ilitoa taarab ya Black Star na Lucky Star mwaka 1989, na Buda Musique ya Ufaransa imetoa mfululizo wa muziki wa pwani hii na wa bendi za wakati wa Ujamaa. Hizo za kununua unazipata kwa ubora mzuri na majina sahihi ya waimbaji, kitu ambacho kibanda cha flashi hakitakupa.

Mengine yote yapo kwenye makabati ya watu. Mjomba wangu wa Chumbageni ana mkoba wa kaseti thelathini na moja. Nilimwendea na shikamoo na robo ya halua, akanikopesha tano, moja moja, na kila moja narudisha kabla ya kupewa nyingine.

Vifaa ni vichache. Redio kaseti inayofanya kazi, waya wenye ncha ya hedfoni pande zote mbili, kompyuta yenye tundu la maiki (tumetumia ya fundi simu, malipo ni suruali mbili za kupunguza), na Audacity, programu ya bure ya kurekodi. Kabla ya kuanza, pamba na spiriti kwenye kichwa cha kusomea. Pamba ya kwanza ilitoka ya kahawia kama imefutiwa kiatu. Mkanda uliolegea unaukaza kwa kalamu ya Bic. Halafu unarekodi kwa muda halisi, hakuna njia ya mkato: upande wa kaseti ya dakika 60 ni dakika 30 za kukaa kimya, huku ukiangalia mshale usiingie kwenye nyekundu. Ukihifadhi kwa kilobiti 192, upande mmoja unakuwa MB 43. Bando: sifuri.

Kaseti ya pili ilikuwa imerekodiwa kwa kuweka rekoda mbele ya redio, miaka hiyo, sebuleni. Kwa hiyo ndani ya taarab kuna jogoo, kuna muuza kahawa anapita akigonga vikombe, na kabla ya beti la mwisho kuna sauti ya mwanamke anaita, "Baba nanihii, chakula kinapoa!" Ni shangazi, mke wa mjomba, marehemu. Nilimuuliza mjomba kama nikate kile kipande ili wimbo uwe safi. Akaniangalia kama niliyemtukana.

Ya tatu imekwama. Mkanda umejikunja ndani upande wa pili, na gamba lake halina skurubu, limegundishwa, kwa hiyo lazima lipasuliwe kwa kisu na mkanda uhamishiwe kwenye gamba la kaseti nyingine. Fundi simu anasema anaweza, ila Ijumaa, na kwanza nimtafutie kaseti mbovu ya kuchinja.